Nakala ya Tano ya Shuka Nyekundu

Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajaitikia karibu yako macho yake yameshapanda ukutani. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu analolitambua kwake. Hatazami viti, hatazami zulia, na hata aliyemfungulia mlango humsalimu kwa nusu ya uso. Anatafuta kilichotundikwa. Kama ni kalenda ya duka la rangi iliyolala upande, ataisogelea huku bado anauliza habari za watoto, ataisukuma kona kwa kidole kimoja, atarudi nyuma hatua mbili, kisha ataisukuma tena. Ndipo atakapokaa, na atakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Majirani walimbandika jina la Bi Fremu. Mwanzoni ilikuwa dhihaka, baadaye ikawa mazoea, na siku hizi mwenyewe ameliandika kwenye kadi zake za biashara.

Kwa miaka tisa alifanya kazi katika studio ya picha za vitambulisho. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, pazia jeupe, stuli isiyo na mgongo na taa mbili. Kutwa nzima alirudia maneno yaleyale: "Inua kidevu kidogo. Usicheke. Haya, tayari." Jioni alipotoka alikuwa na njaa ya kuona kitu chochote kisichotazama mbele moja kwa moja, akapitia vichochoro na kamera yake mwenyewe, akipiga madirisha, ngazi, mabenchi matupu, migongo ya watu. Picha zikajaa masanduku. Miezi sita iliyopita akapiga moyo konde, akamwambia mwenye studio kwamba anaondoka kwenda kuuza picha za sanaa.

"Picha za nini?" mwenye studio aliuliza.

"Za kutundikwa. Mtu anainunua kwa sababu anataka kuitazama."

Mwenye studio alikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimkera Bi Fremu kuliko ambavyo ukali ungemkera. "Stuli yako nakuwekea hadi mwisho wa mwezi wa sita," alisema. "Ukirudi, utaikuta. Ukichelewa, namkalisha mwingine."

Tangu siku ile amekuwa mtu wa roho juu. Aligundua mapema kwamba kupiga picha ni kazi moja na kuuza picha ni kazi nyingine kabisa, na kwamba hii ya pili hakuna aliyewahi kumfundisha. Alipoziweka mtandaoni zilipata vimioyo vyekundu mamia kwa mamia, na hakuna hata mwenye kimioyo mmoja aliyeuliza bei. Alipozitundika katika mkahawa, wateja walizisifu sana kisha wakaegemeza vichwa vyenye mafuta juu ya vioo. Mmoja alimwambia kwa upole kabisa, "Lakini dada, hii si picha tu? Hata simu yangu inapiga."

Hakukata tamaa. Alijifunza kuandika chini ya kila picha sentensi mbili na kuishia hapo. Alijifunza kutaja bei mara moja na kufunga mdomo, maana ukiendelea kusema unaanza kujipunguzia mwenyewe. Alijifunza kupeleka picha nyumbani kwa mnunuzi akiwa na nyundo yake mfukoni, na kuitundika kwa mikono yake, kwa kuwa picha iliyotundikwa vizuri huuliziwa na wageni, na mgeni anayeuliza ndiye mnunuzi wa kesho. Kila mwanzo wa mwezi aliwaandikia barua fupi watu arobaini, akiwaeleza picha moja tu aliyoipiga na kwa nini.

Na zaidi ya yote alijifunza habari ya idadi. Kila picha yake huchapishwa nakala tano, basi. Nyuma ya kila moja huandika kwa penseli: moja kati ya tano, mbili kati ya tano, na kadhalika, kisha anatia saini. Zikiisha, zimeisha. Mnunuzi wake wa kwanza, daktari wa meno aliyestaafu, aliigeuza nakala yake, akalisoma andiko lile kwa muda mrefu, akamtazama juu ya miwani.

"Picha yenyewe iko kwenye kompyuta yako. Ukitaka utachapisha elfu. Nani ananihakikishia kwamba ni tano?"

"Mimi," alijibu Bi Fremu.

Daktari akacheka, akalipa. Tangu siku hiyo Bi Fremu akawa anaiona ile "mimi" kama mali ya duka lake, na hakuwa na nyingine.

Picha hiyo iliitwa "Shuka Nyekundu". Aliipiga juu ya paa la nyumba waliyokulia. Dada yake mkubwa amesimama amegeuza mgongo, mikono yote miwili ameiinua, anapambana na shuka iliyolowa ambayo upepo umeijaza kama tumbo. Anga ni bluu tupu. Uso wa dada hauonekani, ila kwa mgongo tu unajua kwamba anaitukana ile shuka.

Siku nne kabla ya mwezi wa sita kwisha, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Uliandikwa na mwanamke anayefanya kazi ya kupamba majengo ya ofisi na hoteli, mmoja wa wale watu arobaini, ambaye hakuwahi kujibu barua hata moja. Sasa alikuwa amepewa kazi ya kupamba hospitali mpya ya macho. Alitaka picha kumi na mbili za ukumbini. Lakini kwanza alitaka moja, ya chumba ambamo wagonjwa hufunguliwa bandeji baada ya upasuaji, na alikuwa ameshaichagua katika kijitabu cha picha ambacho Bi Fremu huambatanisha na barua zake: "Shuka Nyekundu". Kijitabu kilisema imebaki nakala moja. "Nitunzie hiyo," aliandika. "Tukielewana juu yake, tutaongea juu ya zile nyingine."

Bi Fremu alisoma ujumbe huo akiwa amesimama, akaketi akausoma tena, kisha akasimama. Picha kumi na mbili! Hapo hakuna tena stuli, hakuna tena inua kidevu. Akalivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda, akafungua kifuniko.

Sanduku lilikuwa tupu.

Akafungua daftari lake. Ya kwanza, daktari wa meno. Ya pili, mwanasheria. Ya tatu, mwalimu mkuu. Ya nne, bwana na bibi fulani ambao baadaye walihama. Ya tano, mstari mtupu. Ndipo alipokumbuka, akashika kichwa. Siku dada yake alipofungua saluni, Bi Fremu alikuwa mbioni kama kawaida yake, hana zawadi mkononi, saa imekwenda. Aliichomoa ile ya tano sandukuni, akaifunga kwa gazeti, akakimbia nayo. Kwenye daftari aliandika waliolipa. Dada hakulipa, kwa hiyo hakuandikwa.

Katika kazi hii kuna njia ya kutoka. Nakala ikiharibika, mpiga picha anaruhusiwa kuchapisha nyingine yenye namba ileile, mradi ile ya zamani iangamizwe. Na Bi Fremu alijua kwamba ya dada imeharibika, maana ilitundikwa mkabala na dirisha, na kwa miezi kadhaa jua la asubuhi lilikuwa likiilamba. Hesabu ikamkaa sawa kichwani: nitachapisha mpya, nitaichana ya zamani, tano zitabaki tano. Hakungoja hata kunywa chai. Alikwenda kwa mchapaji, akasimama kando ya mashine ikitoa karatasi polepole, akaipeleka picha kwa fundi fremu ingali na harufu ya wino.

Fundi fremu ni mzee mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, na kazi yake ya pili ni maneno. Aliilaza picha mezani, akaiwekea vipande vya kioo pembeni ili inyooke.

"Hii ni namba ngapi?"

"Ya tano. Ila bado kuna ya tano nyingine kwa dada yangu. Naenda kuichana."

Fundi alimtazama. "Kwa nini usiiite hii ya sita, ukapumzika?"

"Nilisema tano, fundi."

"Ulimwambia nani? Daktari wa meno? Yeye anahesabu meno. Bi Fremu, wewe ndiye benki kuu. Chapa noti!"

"Nikichapa hovyo, kesho nani atazipokea?"

"Haya," fundi alisema na kuinua mikono. "Nenda kamchane dada yako, mimi napima fremu."

Saluni ilikuwa na wateja wawili, mmoja chini ya kikaushio, mwingine kichwa kiko kwenye sinki. Bi Fremu aliingia, na macho yake yakaenda moja kwa moja ukutani. Picha ilikuwa imepauka kuliko alivyofikiri. Shuka haikuwa nyekundu tena, ilikuwa ya waridi, kama ufizi wa mtoto. Anga limekuwa jeupe. Kwenye kona moja kulikuwa na alama ya dawa ya nywele.

"Dada," alisema, "naomba ile picha."

"Unaiazima?"

"Hapana. Nataka kuichana."

Dada aliacha kuosha. Maji yakaendelea kutiririka juu ya kichwa cha mteja. "Umesema nini?"

Bi Fremu akaeleza, haraka haraka, mambo yote kwa pamoja: hospitali, bandeji, kumi na mbili, namba tano, nyingine iko kwa fundi. Alieleza akizunguka, akipanga chupa za mafuta rafuni kwa ukubwa. Aliahidi kwamba atamletea dada picha nyingine, kubwa zaidi, yoyote atakayoitaka.

"Sitaki nyingine," dada alisema.

"Hii imekufa, dada. Itazame! Rangi imekwisha."

"Mimi nimeitazama kila siku tangu nifungue. Ni picha gani nyingine ya kwangu unayoijua ambayo nimependeza? Za harusi nimefumba macho. Za kitambulisho ulinipiga wewe mwenyewe, nikatoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Hii ndiyo pekee niliyotoka vizuri, na ni kwa sababu nimegeuza mgongo!"

Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio alicheka hadi akagonga kichwa. Yule wa sinki akauliza kwa sauti ya kubanwa, "Jamani, hayo maji?"

"Wateja wangu wananiuliza huyu ni nani," dada aliendelea, huku akifunga bomba, "nami nawaambia ni mimi, mdogo wangu ndiye aliyenipiga. Mmoja hakuamini, nikageuka ili alinganishe. Sasa unataka uje hapa na mkasi, unichane mgongo mbele ya watu?"

"Dada, ni kufa na kupona. Nisipoipata kazi hii narudi kwenye stuli."

Dada alifuta mikono kwenye taulo. Alijua habari ya stuli. Alijua jinsi mdogo wake alivyokuwa akirudi jioni zile, bila neno, akila amesimama. Lakini alipojibu, sauti yake ilikuwa imetulia, na hapo Bi Fremu alijua kwamba hakuna cha kubembeleza.

"Ulinipa au hukunipa?"

"Nilikupa."

"Basi."

Bi Fremu alitoka bila kuaga. Alitembea kwa kasi hadi kwenye karakana ya fundi, akapita mlango wake, akaenda hadi mwisho wa barabara, akarudi, akapita tena. Kosa lake sasa lilikuwa wazi mbele yake. Angekwenda kwa dada kwanza na kwa mchapaji baadaye, kungekuwa na nakala ya tano moja tu. Kwa haraka zake alizaa mapacha. Na ile moja alikuwa ameitoa kwa mkono wake, zawadi, kwa mtu aliyeipenda. Haikuwa yake tena kuiangamiza, hata ingepauka mpaka ikawa karatasi tupu. Ya kuchanwa ilibaki moja tu, ile mpya iliyo kwa fundi.

Mara ya tatu aliingia. Fundi alikuwa amekwisha kukata mbao nne za fremu, nyeusi, safi.

"Umemchana?"

Bi Fremu alisogea mezani. Aliondoa vipande vya kioo kimoja kimoja. Picha ilikuwa imenyooka vizuri, na nyekundu yake ilikuwa nyekundu ya kuumiza. Aliitazama kadiri alivyoweza kuvumilia, kisha akaikamata katikati na kuipasua.

"Wee!" fundi alipiga kelele kama amekatwa yeye. "Umerukwa na akili? Hiyo ni karatasi ya pamba, ya bei ghali!"

Akaipasua tena, na tena, mpaka mgongo wa dada ukawa vipande visivyojulikana. Fundi aliokota kipande cha anga sakafuni, akakitia mfukoni mwa aproni bila kujua kwa nini.

"Na sasa?" aliuliza taratibu.

"Sasa nampigia."

Mpambaji alipokea simu mara moja. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mashine ya kutoboa ukuta. Bi Fremu alijieleza akiwa amefumba macho: kwamba kijitabu kilikosea, kwamba kosa ni lake, kwamba zote tano zina wenyewe na hataweza kuchapisha ya sita.

"Kwa hiyo unanipigia kuniambia huna," mpambaji alisema.

"Ndiyo. Hiyo sina."

"Unajua kwamba ungechapisha nisingejua?"

"Najua."

Kelele za mashine zikasogea mbali. Kisha mpambaji akasema, kwa sauti ambayo haikuonyesha kama amekasirika au la, "Kesho asubuhi naketi na madaktari kupitisha picha. Leo saa tisa napita huko kwenu nikielekea ofisini. Niwekee kumi na mbili za ukumbini mahali ninapoweza kuziona kwa pamoja, na mbele yake moja ya kile chumba. Nikiziona nitakujibu hapohapo. Nina robo saa."

Ilikuwa saa tano na nusu. Bi Fremu alipanda ngazi za kwao mbili mbili.

Chumba chake kilikuwa kimoja na kidogo. Alisukuma kitanda hadi ukutani, akamwaga masanduku, akazitandaza picha sakafuni mpaka hakukuwa na pa kukanyaga, naye akawa anaruka kati yake kama anavuka mto kwenye mawe. Kila aliyoichagua aliikataa. Saa sita, saa saba. Alikuwa na kumi na nane, akawa na tisa, akawa na ishirini. Saa saba na nusu mlango uligongwa, na dada akaingia na mfuko wa vibanio vya nywele, uso umekunjwa.

"Sikuja kuomba radhi," alisema.

"Sijakuuliza."

"Nimepita kwa fundi. Ameniambia." Dada alitazama picha zilizotandazwa sakafuni. "Umechana mpya?"

"Nimechana mpya."

"Mjinga wewe." Akavua viatu, akavisukuma nje. "Kamba iko wapi?"

Walifunga kamba tatu kutoka nondo za dirisha hadi mlango wa kabati, wakaanza kuzibana picha kwa vile vibanio. Ilikuwa mara ya kwanza dada kuziona zote, na hakuficha neno.

"Hii ya ngazi inanitia kizunguzungu. Mtu ametoka kufunguliwa jicho, unampa ngazi?"

"Ni mistari ile, dada, jinsi inavyozunguka..."

"Ataanguka kitandani. Ondoa. Na hii je?"

Ilikuwa picha ya bilauri ya maji juu ya meza, kijiko ndani yake, nayo Bi Fremu aliipenda kuliko zote. Ndiyo aliyoiweka mwanzo wa kamba ya kwanza, iwe ya kile chumba.

"Kijiko kimevunjika," dada alisema.

"Hakijavunjika, ni maji yanakipindisha."

"Wewe na mimi tunajua. Mgonjwa atakiona kimekatika vipande viwili, atapiga kelele kwamba daktari amemharibu!"

Bi Fremu alicheka, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hadi akalazimika kushika kabati. Kisha akaacha ghafla. Miezi yote hii alikuwa akijiuliza nani atanunua. Hakuwahi kujiuliza nani atakuwa amelala mbele ya ile picha, na jicho lake ndiyo kwanza limeruhusiwa kufunguka.

"Wewe ungetaka kuona nini?" aliuliza.

Dada aliweka chini mfuko wa vibanio. Alizungukia zile zilizobaki sakafuni, akainama, akaokota moja kutoka chini kabisa. Mwanamke ameketi kizingitini, sindano ameiinua mbele ya uso, uzi uko karibu sana na tundu, midomo ameibana. Gauni lake ni la njano.

"Huyu."

"Hiyo nimeikataa zamani. Mkono una ukungu, aliutikisa."

"Anayetunga uzi mkono unatulia?"

"Mpambaji ana jicho kali, dada. Ataona ukungu kabla ya kuona mtu."

"Mimi nimemwona mtu."

Walibishana. Bi Fremu alikibana kijiko mahali pake, dada akakibandua. Dada akambana mwanamke wa sindano, Bi Fremu akambandua, akamshika mkononi, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamrudisha kwenye kamba, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa pili. Kutoka pale ukungu haukuonekana. Au alikuwa ameshindwa kuuona kwa sababu alitaka kushindwa? Alisogea tena, akarudi tena. Saa tisa kasoro dakika nne.

Simu ikalia mkononi mwake.

"Niko hapa chini," mpambaji alisema, akihema kidogo kama mtu anayetembea na kuongea. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Mlango wa kushoto."

Dada alikwisha kufungua mlango wazi. Kutoka ngazini visigino viligonga, vikasimama ghorofa ya kwanza, vikaanza tena. Bi Fremu aliutazama mwanzo wa kamba, mahali pa picha ya kile chumba, ambapo sasa palikuwa na gauni la njano na mkono usiotulia, na mikono yake mwenyewe akaificha nyuma ili isiguse kitu chochote tena. Visigino vilifika ghorofa ya pili.